Mkono Uliosahau Kuachia

Mpiga gitaa ukimuuliza mkono wake wa kushoto una kazi gani, atakujibu: kubana nyuzi. Ndivyo nilivyofundishwa na mjomba wangu uani kwake Magomeni, ndivyo nilivyowafundisha vijana waliokuja nyuma yangu, na ndivyo nilivyoamini miaka yote niliyopiga solo kwenye bendi za dansi hapa Dar es Salaam. "Bana sawasawa, mjomba, uzi usikorome." Ncha za vidole vyangu zilikuwa na sugu nilizokuwa nikiwaonyesha watu kwa fahari. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kubana ni nusu ya kazi, tena ile nusu nyepesi. Nilikuja kuyajua hayo mkono ulipobakiwa na nguvu ya kubana peke yake, ile ya kuachia ikawa imekwenda.

Ajali yenyewe haina masimulizi marefu. Tulikuwa tunatoka kwenye shoo, saa kumi alfajiri, mvua imekatika muda si mrefu, nimepanda bodaboda na gitaa langu mgongoni. Gari dogo lilikata kona mbele yetu bila kuwasha taa ya kuonyesha, wala halikusimama. Dereva wa bodaboda alichubuka magoti. Mimi niliangukia ukingo wa mtaro kwa mkono wa kushoto. Gitaa halikupata hata mkwaruzo, na wenzangu wa bendi waliufanya huo kuwa utani wao kwa muda mrefu: kwamba nililikinga gitaa kwa mkono badala ya kuukinga mkono kwa gitaa. Barabara na wanamuziki tuna hesabu ya zamani. Mbaraka Mwinshehe alifia Mombasa Januari 1979 kwa ajali ya gari, umri bado mdogo. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye nitamrudia, naye ajali ya barabarani ilimchukua mwaka 1990. Kazi yetu inaisha saa ambayo daladala hazijaanza na teksi inakula nusu ya posho, kwa hiyo tunapanda kinachopatikana.

Mfupa wa juu wa mkono, ule unaotoka begani kuja kwenye kiwiko, ulivunjika katikati. Hilo lilionekana hata kabla ya picha. Maumivu yake niliyategemea, maana mtu akivunjika huumia. Kilichonitoa jasho ni kiganja. Kilining'inia kutoka kwenye kifundo kama nguo iliyolowa kwenye kamba, na hakikuuma hata kidogo. Nilikiamuru kiinuke, kikakaa vilevile. Daktari wa zamu, kijana mpole mwenye macho ya kukosa usingizi, aliweka kidole chake katikati ya kiganja changu.

"Kamata, mzee wangu."

Nikakamata, kwa unyonge lakini nikakamata.

"Haya, achia."

Vidole vililegea, havikufunguka. Akasubiri. Mwishowe akakichomoa kidole chake mwenyewe, akaandika kwenye faili, akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomjibu aliacha kuandika.

Nilichoelezwa siku zile, na nikaja kukielewa vizuri zaidi baadaye, ni hiki. Kuna neva inayoitwa ya radiali. Inatoka shingoni, inapita kwapani, kisha inauzunguka mfupa wa juu wa mkono kwa nyuma, ikiwa imeuegemea kabisa, ndipo inapotokeza upande wa nje wa kiwiko na kugawanyika kwenda kwenye misuli ya mgongo wa mkono. Kwa jinsi ilivyouegemea mfupa, ukivunjika hapo katikati neva nayo inaweza kuvutwa, kupondwa au kukatwa. Humtokea kama mtu mmoja katika kila kumi wanaovunjika mahali hapo. Kazi yake ni kuinua kiganja, kufungua vidole na kulitoa dole gumba nje. Misuli ya kukunja ngumi inapata amri kwa neva nyingine mbili zinazopita upande wa ndani, na hizo zangu zilikuwa salama. Nilibaki na mkono unaojua kufumba tu. Na hata kufumba kwenyewe kulikuwa kwa mashaka, kwa sababu ngumi haina nguvu kiganja kikiwa kimeanguka. Kunja kiganja chako kwa ndani kabisa halafu ujaribu kubana kitu, utaona.

Hapo ndipo nilipoanza kuufikiria upya mkono wa mpiga gitaa. Chukua sebene imechanganya, vidole vinne vinakimbizana kwenye nyuzi mbili tatu: kila kidole kinachotua, kuna kingine kinachotakiwa kiwe kimeshaondoka. Kikichelewa, sauti ya zamani inakoroma ndani ya mpya. Kwenye ridhimu ndiyo kabisa. Kodi (ya gitaa, si ya serikali) inabanwa, mkono wa kulia unaipiga, inalia, halafu mkono wa kushoto unalegea unywele mmoja tu bila kuondoka kwenye nyuzi, na kodi inakufa palepale. Ule ukataji ndio unaomnyanyua mtu kwenye kiti. Sikiliza ridhimu ya bendi kama Msondo au Sikinde uzisahau sauti za waimbaji kwa dakika moja. Msikilizaji anadhani anachezeshwa na mlio, kumbe anachezeshwa na mahali mlio unapokatwa. Na ukataji huo, kwa mtu kama mimi, ulikuwa unasafiri kwenye uzi mmoja mwembamba uliopita nyuma ya mfupa.

Hogo, ile plasta ngumu ya mkono, lilipofunguliwa mfupa ulikuwa umeunga na kiganja bado kimelala. Nyumbani pakajaa wataalamu. Jirani alileta mafuta ya nyonyo. Mama mkwe alikuwa na mzee wake Mkuranga anayeunga mifupa, na shemeji yangu mmoja akasema wazi kwamba nafasi ya solo ina wivu, nimetupiwa. Sikuwadharau. Walikuja na walichokuwa nacho, wakati wengine waliokuwa wakinisifu ukumbini hawakuja kabisa. Lakini aliyenitoa kwenye zogo lile ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa hospitali moja ya serikali, binti wa rika la mwanangu wa kwanza.

"Baba, neva haikandwi ikaota," aliniambia siku ya kwanza, akiwa ameunusa mkono wangu na kugundua nyonyo. "Kukanda kunasaidia ngozi na misuli. Neva inakuja yenyewe."

"Inakuja lini, mwanangu?"

"Milimita moja kwa siku." Akafikiri kidogo. "Ikipenda."

Ile milimita moja si maneno ya kumliwaza mgonjwa. Neva ikipondwa, nyuzi zake zilizo chini ya jeraha hufa, jambo ambalo Mwingereza Augustus Waller alilieleza mwaka 1850. Kisha kutoka juu ya jeraha nyuzi mpya huanza kuota zikifuata mirija iliyoachwa na zile zilizokufa. Kwa mwezi zinakwenda kama inchi moja. Misuli iliyo jirani na kiwiko ndiyo inayofikiwa kwanza, halafu ya kuinua kiganja, halafu ya vidole, na dole gumba linafunga foleni. Wakati huohuo kuna saa nyingine inakimbia. Msuli uliokaa bila neva unazidi kunywea, na ukipita mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu, neva inaweza kufika ikakuta hakuna wa kuipokea. Tena haya yote ni kwa neva iliyopondwa mirija yake ikabaki mizima. Iliyokatika vipande viwili haingojewi, inashonwa.

Nilimuuliza yangu ni ya namna gani. Alisema hakuna anayejua bado, ndiyo maana tunapima.

Alipima kwa kidole. Aligonga taratibu juu ya njia ya neva, akianzia chini na kupanda, na alipofika mahali fulani juu ya kiwiko nikarushwa na shoti iliyokwenda mpaka mgongo wa kiganja, kati ya dole gumba na kidole cha shahada, palepale penye ganzi. Akaweka alama kwa kalamu ya wino. Daktari wa Kifaransa, Jules Tinel, alikieleza kipimo hicho mwaka 1915, wakati Vita Kuu ya Kwanza ikimletea askari wenye mikono ya namna hii. Shoti ile inatoka kwenye ncha changa za neva zinazoota. Mahali pa shoti pakisogea chini mwezi hadi mwezi, neva inatembea. Pakiganda, kuna kizuizi na daktari wa upasuaji anaitwa. Nikarudi nyumbani na alama yangu ya bluu, nikawa naoga kwa hadhari nisiifute. Mama watoto akanunua kalamu isiyofutika akaipitia upya, na kila tuliporudi kliniki likawa linaongezwa doa jingine chini ya lile la mwanzo. Wanangu walikuwa wakiyahesabu madoa yale kwa sauti mbele ya wageni. Watu waliniambia sana maneno ya subira, na subira ni neno zuri, ila kwa upande wangu yale madoa yalinifaa kuliko mawaidha yote. Nilikuwa na kitu cha kuangalia.

Kusubiri kwenyewe kulikuwa kazi ya kutwa. Viungo vya vidole visiposogezwa vinakauka, na neva ikifika kwenye kiungo kilichokauka haina itakachofanya. Kwa hiyo asubuhi, mchana na usiku, mkono wa kulia uliuchukua wa kushoto na kuufanyisha usichoweza: kuinua kiganja, kufungua vidole kimoja kimoja, kulitoa dole gumba nje, kushikilia, kurudia. Hakuna kinachoonekana. Leo yako inafanana na jana yako na hakuna wa kukupigia makofi. Mimi ni mtu wa jukwaa, nimezoea kujua papo hapo kama nimefanya vizuri, na nakiri mazoezi ya kwenye amplifaya hayajawahi kunichosha kama yale ya kwenye mkeka.

Halafu kikaja kile kifaa. Vifaa vya kuinulia vidole vinavyotoka kiwandani havikuwepo pale kliniki, kwa hiyo binti yule alitengeneza chake. Alichukua kipande cha bomba la plastiki, lile la maji, akalipasha moto likalainika, akalifinyanga juu ya kitambaa kwenye mkono wangu, kiganja kikiwa kimeinuliwa kidogo. Akafunga waya wa henga uliokunjwa upinde ukatokeza juu ya vidole. Kwenye waya akaning'iniza vipande vyembamba vya mpira wa ndani wa baiskeli, kila kimoja kikiishia kwenye kitanzi cha ngozi cha kupitisha kidole. Mtu akikunja kidole, mpira unavutika. Akilegeza, mpira unakirudisha juu. Kwa sura kilikuwa kitu cha kuchekesha, mtego wa panya nusu na manati nusu, na nilipopanda nacho daladala watu walinipisha.

Alikusudia nishike kikombe na kijiko. Nilimwomba ruhusa, safari iliyofuata nikaja na gitaa.

Nilikaa kwenye benchi la kliniki, nikaubana uzi wa pili kwa kidole cha kati. Mpira ukavutika, nikausikia ukilalamika kwenye waya. Mkono wa kulia ukapiga, sauti ikatoka safi. Nikalegeza. Kidole kikaruka juu. Nikaweka cha shahada, nikapiga, nikalegeza, kikaruka. Sauti mbili zilizotengana, kila moja na mwisho wake. Wagonjwa wenzangu waliokuwa wakisukuma baiskeli ya mazoezi walisimama. Mmoja akasema, "Endelea basi." Sikuwa na cha kuendeleza, nilikuwa na sauti mbili tu.

Tabia mbaya ya mpira ni kwamba haujui muziki. Ukilegeza tu unanyanyua, na unanyanyua kwa mwendo wake, vidole vyote kwa namna ileile. Nisingeweza kupiga mstari wowote wa haraka. Nikawa napiga sauti moja, nangoja mkono upande, napiga nyingine mahali pengine. Nyimbo zilezile nilizokuwa nikizijaza kutoka mwanzo hadi mwisho zikawa na matundu. Niliweka redio nikapiga juu ya rekodi za zamani, na katika yale matundu nikaanza kuwasikia wengine: besi linaingia chini, tumba zinajibu, ridhimu inakata. Vyote hivyo vilikuwepo siku zote na mimi nilikuwa naongea juu yao. Nilipiga solo miaka mingi, nikasifiwa kwa wepesi wa vidole, na ilibidi nifungwe mpira wa baiskeli ndipo nisikie kwamba wapigaji ninaowaheshimu zaidi hunyamaza sana. Si kwamba wanapiga kidogo kwa unyenyekevu. Wanamwachia mwenzao nafasi ili aseme kitu, kisha wanakijibu.

Mjomba alipata habari akaja mwenyewe kutoka Magomeni, na fimbo yake. Alilitazama bomba, akatazama waya, hakusema neno juu yake.

"Mkono wa kulia una nini?"

"Mzima, mjomba."

"Basi unalilia nini? Tupa piki. Leta kidole gumba na cha shahada."

Ujana wake aliumalizia kwenye gitaa kavu, akiiga santuri zilizotoka Kongo. Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey huko Katanga mwaka 1952, alipiga kwa vidole viwili tu vya mkono wa kulia: dole gumba likishika besi, cha shahada kikicheza juu, na mtu asiyeona angedhani kuna magitaa mawili. Mzee alinikalisha na nyuzi wazi, zisizobanwa na kidole chochote cha kushoto, akanitaka nizifanye ziongee kwa mkono wa kulia peke yake. Nimekuwa mpiga solo wa piki tangu utoto, kwa hiyo mkono wangu wa kulia ulizoea kunyanyua na kushusha tu. Nilianza upya kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Mzee hakunihurumia hata kidogo na nadhani hiyo ndiyo dawa aliyoileta. Watu wote wengine walikuwa wananitazama mkono wa kushoto.

Rafiki mmoja mpenzi wa jazi aliniletea habari za mpiga gitaa Django Reinhardt. Ni habari za kweli na za ajabu. Mwaka 1928, akiwa na miaka 18, gari la kuishi alimolala liliungua moto nje kidogo ya Paris, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto, cha pete na cha mwisho, vikapinda visifanye kazi tena ipasavyo. Akajitungia namna ya kupiga solo kwa vidole viwili vilivyobaki, na dunia nzima ya gitaa imekuwa ikimfuata tangu hapo. Mwingine akaniletea Paul Wittgenstein, mpiga piano wa Vienna aliyepoteza mkono wa kulia vitani mwaka 1914, ambaye Maurice Ravel alimtungia konseto ya mkono wa kushoto iliyopigwa mara ya kwanza Januari 1932. Nilizipenda habari hizo kwa siku mbili, kisha zikaanza kunichosha. Wittgenstein alitoka katika familia iliyokuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Austria. Aliweza kuagiza muziki kwa watunzi wakubwa wa zama zake, na Prokofiev alipomwandikia wa kwake hakuwahi kuupiga jukwaani. Mimi sina wa kumwagiza. Na Django aliungua ngozi na kano, bado akawa na vidole viwili vyenye neva nzima. Kila jeraha lina mlango wake.

Kinachoniudhi zaidi ni neno linalofuata habari kama hizo: ukitia nia utapona. Pale kliniki nilikuwa nakaa benchi moja na fundi cherehani aliyekatwa na kioo juu kidogo ya kiwiko. Kiganja chake kilining'inia sawasawa na changu, mtu asingeweza kututofautisha. Alikuwa na nia kuliko mimi. Alifika kabla ya mlango kufunguliwa, alifanya mazoezi mara mbili ya aliyopewa, na doa lake la wino halikusogea. Neva yake ilikuwa imekatika na ilichelewa kushonwa. Yangu ilipondwa tu. Tofauti yetu ilianzia sekunde ile ya kuumia, na hakuna nia iliyokuwepo hapo. Baadaye madaktari walimfanyia upasuaji wa kuhamisha kano: wanachukua kano za misuli ya ndani ya mkono ambayo bado inafanya kazi, ile ambayo mtu anaweza kuikosa, na kuzishona kwenye kano za nje ili zianze kuinua kiganja na kufungua vidole. Kazi hiyo ilikuzwa na Robert Jones, daktari wa mifupa wa Uingereza, kwa askari wa vita ileile ya Tinel. Fundi alilazimika kuufundisha mkono upya kwamba ule msuli wa zamani wa kukunja sasa ni wa kuinua. Ameweza. Anashona. Mtu akiniletea tena hadithi ya Django namwambia habari za fundi.

Fedha nizitaje, kwa sababu kumbukumbu za wanamuziki hupenda kuziruka. Sisi hulipwa kwa shoo. Usipopanda jukwaani hakuna posho, na bendi yetu haikuwa na bima ya aina yoyote. Wenzangu walichanga mara moja, kwa moyo, na mchango ukaisha. Bosi alisema nafasi yangu ipo, na mabango ya mwezi uliofuata yakatoka na jina la kijana mwingine kwenye solo. Niliuza amplifaya. Mama watoto akaongeza karai la pili la vitumbua, akawa anaamka saa tisa, saa ambayo zamani mimi nilikuwa bado niko ukumbini. Nikaanza kufundisha watoto wa jirani gitaa kwa maneno matupu, na niligundua mtu anayefundisha bila kuweza kuonyesha analazimika kusikiliza zaidi. Dansi ya nchi hii ina habari nyingi za michango ya mazishi ya wanamuziki, chache sana za michango ya mkono wa mwanamuziki aliye hai. Mkono ni mtaji kama cherehani au bajaji. Mwenye bajaji anaikatia bima.

Kurudi kwa neva hakukuwa na tarumbeta. Binti alikuwa ameulaza mkono wangu kwa ubavu juu ya meza, ili kiganja kisipigane na uzito wake, na ameweka kidole juu ya msuli chini ya kiwiko. "Inua," alisema kama alivyosema kila safari. Mimi sikuona kitu. Yeye akasema, "Rudia," na sauti yake ilikuwa imebadilika. Baada ya hapo kiganja kikaanza kusogea kikiwa kimelazwa, kisha kuinuka chenyewe kutoka mezani kwa kutetemeka, kisha kukaa juu. Vidole vilifuata kwa kuchelewa, na vilipofika vilifika vyote pamoja kama mtu mmoja. Nilitaka cha shahada, vikaja vinne.

Hapo nilikuwa nadhani shida imekwisha, kumbe imehamia kichwani. Mwaka 1995 watafiti wa Ujerumani waliwapima wapigaji wa ala za nyuzi wakakuta sehemu ya ubongo inayopokea habari za vidole vya mkono wa kushoto imetanuka kuliko ya watu wasiopiga. Ile nafasi hujengwa kwa miaka, na mkono ukikaa kimya muda mrefu ubongo hauiachi wazi ikingoja. Ndivyo binti alivyonieleza, na ndivyo nilivyohisi: amri nilizozituma zilikuwa zinafika mtaa sahihi, nyumba siyo. Kwa hiyo tukaanza na meza ya kulia chakula. Kiganja kimelala, vidole vimetulia, nyanyua kimoja, vingine visitikisike. Kidole cha pete kilikuwa mtoro kupita wote. Nilifanya hivyo mbele ya taarifa ya habari kila usiku, kisha juu ya shingo ya gitaa bila kupiga, kisha kwa kupiga taratibu kabisa, nikisimama kabla ya uchovu na si baada yake. Hilo la kusimama kabla ndilo gumu kwa mwanamuziki. Tumelelewa kwenye shoo za kukesha, na kuchoka kwetu ni cheti.

Dole gumba halijarudi lote. Hutoka nje kwa uvivu, hasa asubuhi za baridi za mwezi wa saba, na kwa mpiga gitaa dole hilo linalokaa nyuma ya shingo ndilo linaloamua unasogea upesi kiasi gani kutoka chini kwenda juu. Kwa hiyo mistari mirefu ya kupanda na kushuka nimeiacha. Nilirudi jukwaani kwenye solo la pili, lile gitaa la katikati linalosuka kati ya solo na ridhimu, na kijana aliyechukua nafasi yangu akabaki alipo. Mwanzoni alinikwepa macho. Siku moja kwenye mazoezi akanifuata, akaniuliza, "Kaka mkubwa, pale kwenye chemko mbona unaniacha peke yangu?" Nikamwambia simwachi, namngoja. Akapiga tena, safari hii akiacha kipande kitupu mwishoni mwa mstari wake, nikaingia. Mpiga besi akageuka kutazama ni nani.

Bosi amekuja juzi na wazo. Wapenzi wa zamani wanaulizia jina langu, anataka nirudi solo. Nimemwambia nabaki solo la pili ila posho iwe ya solo. Anasema posho inafuata gitaa, haifuati mtu. Nikamjibu basi anilipe kwa zile sehemu nisizopiga, maana ukumbini ndizo zinazochezwa. Nimeongeza na sharti la bima kwa bendi nzima, na hapo ndipo alipokumbuka ana mgeni anamsubiri nje. Kijana wa solo ananiunga mkono kwa nguvu zote, ingawa nashuku anailinda nafasi yake. Jumamosi tuna shoo, na mpaka sasa hatujaelewana.